Tuma Neno Kabla ya Mzigo

Spesi mwanangu,

Salamu nazipita, maana bado hujaondoka na kesho stesheni tutasalimiana mpaka treni ituchoke. Sasa hivi uko kanisani unawaaga wanakwaya, na kutoka hapa barazani naisikia kodiani ikipigwa vibaya, kwa hiyo najua kaishika Zakaria. Mama yako anakaanga karanga za safari na amenikataza kukanyaga jikoni kwake. Nimechukua kalamu yako bila ruhusa. Mwandiko wangu unaujua, usome polepole.

Mambo ya kila siku sikuandikii. Pesa uzifiche wapi, maji unywe yapi, ndani ya treni usipokee chakula cha nani, hayo mama yako ameyasema tangu juzi na kesho atayasema tena dirishani treni ikiondoka. Mimi nina jambo moja tu, na jambo hilo lina hasira. Nilidhani imeisha. Asubuhi nilipokuwa nafunga sanduku lako kwa kamba nikagundua iko palepale, nzima, kama mtu aliyelala tu mchana.

Unakwenda Tabora kufanya kazi dukani kwa Bi Zuhura. Bi Zuhura yuleyule aliyetuuzia kodiani. Watu hapa makazini, wakimbizi wenzetu, wananipa mkono njiani, wananiambia binti yangu kapata kazi ya kukaa kivulini, na mimi nacheka nao. Lakini kesho kutwa utakaa nyuma ya kaunta ileile iliyoninyamazia masika yote. Nataka ukae pale ukijua habari ya mtu aliyekuwa anangoja upande wa huku. Ulikuwa bado mdogo, na kila mmoja wetu alikuonyesha kipande chake tu.

Ilianza na tangazo kwenye ukuta wa stesheni. Wazungu wa misheni moja huko Tabora walikuwa wanarudi kwao, na Bi Zuhura alikabidhiwa vitu vyao aviuze: vitanda, majiko, baiskeli, na kodiani moja, kinanda cha kuvuta kwa mikono. Anayetaka kitu aandike barua ataje atakachotoa, na atakayetaja kikubwa ndiye atakayejibiwa. Mnada wa barua, ndivyo tulivyouita. Kwaya yetu ilikuwa inaimba kwa ngoma na chupa ya soda iliyokwanguliwa kijiko, na kila tukialikwa mahali tulikuwa tunakaa nyuma ya kwaya zenye vyombo. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti. Wakasema, mwenyekiti, andika. Nikakuita wewe, kwa sababu herufi zako hata wakati ule zilikuwa zinakaa kwenye mstari.

Tukashinda. Unaikumbuka barua ile ya kwanza ya Bi Zuhura? Ilikuwa tamu kama ya mchumba. Hongera sana ndugu zangu wa Mpanda, mmeshinda, tumeni malipo na mzigo utafuata mara moja. Wauzaji wana maneno mazuri sana kabla hujalipa, Spesi. Sijui maneno hayo huwa yanakwenda wapi baadaye. Tuliuza maharage ya kwaya nzima, tukatuma malipo kwa posta, na chini ya barua nikakwambia uandike kwamba mzigo uje kwa jina la Bernardo Ntahondi, Mpanda. Jina langu tu. Hapo nitarudi.

Halafu ikanyesha. Tuta la reli likasombwa huko kabla ya Kaliua na treni ikakatika. Na hapa nataka unielewe vizuri: na mvua sina ugomvi. Na reli sina ugomvi. Mtu aliyelima maisha yake yote hawezi kukasirikia mvua kwa kuchelewesha kinanda. Tulingoja kwa moyo mweupe. Treni ikarudi, watu wakaanza kuja na mizigo yao, magodoro, mabati, hata mtu mmoja wa Ilembo akaletewa friji wakati nyumba yake haina umeme. Sisi hatukuletewa chochote, wala hatukuambiwa chochote.

Nikaandika, yaani ukaandika, barua ya heshima. Tunaomba kujua mzigo umefikia wapi. Kimya. Tukaandika ya pili, yenye heshima zaidi kuliko ya kwanza, mpaka nilijionea aibu kwa jinsi nilivyojikunja. Kimya.

Hujui kimya kile kilinifanya nini, kwa sababu nilikificha nyumbani. Baada ya mazoezi watu walikuwa wanakaa vikundi vikundi na nikikaribia wanaanza kuzungumzia mihogo. Zakaria, ambaye alikula kwangu mwaka aliougua, alisimama mbele ya wote akasema, "Kodiani yetu imekuwa kama Roho Mtakatifu. Tunaambiwa ipo, ila hatuioni." Wakacheka. Hata wazee walicheka. Jumapili iliyofuata wakanipokonya ufunguo wa kanisa, kwa upole, eti mwenyekiti apumzike, ana mawazo mengi. Mimi niliyeezeka kanisa lile kwa nyasi nilizokata mwenyewe. Nilikuwa mwizi katika makazi haya, mwanangu, na ushahidi wa wizi wangu ulikuwa ni mtu mmoja Tabora ambaye hakutaka kulamba stempu.

Ndipo ikaja barua ya tatu. Hiyo unaikumbuka, maana ulisimamisha kalamu ukaniita baba kwa Kirundi.

"Dawe, hili neno mwizi niandike kweli?"

"Andika."

"Ni mama mtu mzima, Dawe."

"Andika, na uandike kwa herufi kubwa."

Ukaandika. Kisha nikafanya jambo ambalo hukuliona. Barua ile sikuitia posta. Nilimpa kijana mmoja aliyekuwa anasafiri, nikamwambia aisome kwa sauti dukani, watu wakiwa wamejaa. Akaisoma. Aliporudi akanisimulia jinsi Bi Zuhura alivyobaki ameshika kipimo cha kitambaa mkononi, wateja wanamtazama. Nilifurahi wiki nzima. Sikufichi, nilifurahi, na nilikula vizuri.

Jibu likaja haraka. Kumbe kalamu ilikuwepo! "Mzee Ntahondi, mzigo wako nilishautuma zamani. Ulikwama Kaliua, kisha ukafika Mpanda, uko kwa wakala wa mizigo. Mimi si mwizi. Siku nyingine nunua kwa mwingine."

Nilisoma barua ile nikairudia. Ulishafika! Wakati wananiita mwizi, kodiani ilikuwa mjini, karibu namna ile, ndani ya ghala, imefungwa vizuri ndani ya kasha. Alituma, ni kweli. Alifunga vizuri, ni kweli, hata kibonyezo kimoja hakikuvunjika. Lakini kwake yeye kazi iliishia pale kasha lilipotoka mlangoni. Kwamba kuna mtu mahali fulani anaamka kila siku na kuuliza, hilo halikuwa kwenye biashara yake. Mstari mmoja tu, Spesi. "Nimetuma, umekwama Kaliua, vumilia." Ningeupeleka mstari ule kanisani na kuusoma, na Zakaria angefunga mdomo wake. Sikulilia kuchelewa. Nilililia kunyamaziwa, na mpaka leo nikikumbuka nasimama kutafuta kitu cha kupiga teke.

Sasa sikiliza kipande chako, kwa upande wangu. Mimi sikuwa na kibali cha kutoka makazini wiki ile, na kibali hakiji kwa kukimbia. Watoto walikuwa hawaulizwi sana. Nikakupa barua ya Bi Zuhura nikakutuma kwa wakala. Ulirudi jioni bila mzigo, ukamwambia mama yako kwamba ghala lilikuwa limefungwa. Usiku ukanifuata ukaniambia ukweli. Karani alikuuliza jina, ukasema Spesi Nizigiyimana. Akauliza la baba, ukasema Bernardo Ntahondi.

"Sasa hiyo Nizigiyimana imetoka wapi?"

Ukamweleza, mtoto wa watu, kwamba kwetu kila anayezaliwa anapewa jina lake mwenyewe, kufuatana na yaliyokuwa mioyoni mwa wazazi siku ile. Baba na lake, mtoto na lake, ndugu na lake. Akawaita wenzake waje wasikie.

"Nyie watu wa makazini, mtoto asiyekuwa na jina la baba ni mtoto wa nani? Nenda. Mwambie mwenye mzigo aje mwenyewe."

Nilikupa jina lile kwa sababu kabla yako tulikuwa tumezika, na ulipozaliwa ukalia kwa nguvu nikasema haya, namtumaini Mungu tena. Ndiyo maana yake. Na mtu mwenye kiti na muhuri akalicheka mbele ya watu kama vile umeliokota njiani. Nikikwambia kwamba nimemsamehe nitakuwa nakudanganya katika barua, na barua ni kitu kibaya kudanganyia.

Lakini na mimi nilikuwemo. Kosa lile ni letu hasa, sisi wa asili ya Burundi. Hakuna nyumba hapa ambayo haijarudishwa mahali kwa sababu ya majina, shuleni, zahanati, posta. Tunalijua. Lakini tukikaa sisi kwa sisi hakuna anayemwuliza mwenzake jina limetoka wapi, kwa hiyo tunasahau. Nilijua sitatoka bila kibali. Nilijua nitakutuma wewe. Bado nikaandikisha jina moja, kwa sababu nilitaka kulisoma jina langu kwenye kasha, mwenyekiti mzima! Ningekwambia uongeze tu, "au binti yake, Spesi Nizigiyimana," usingechekwa siku ile.

Kibali kilipotoka nikaenda mwenyewe. Karani akafungua ghala, akatazama, akafunga.

"Umeshauzwa, mzee. Mizigo isiyochukuliwa tunaipiga mnada."

"Mlinijulisha wapi?"

"Tulibandika tangazo."

"Mlilibandika wapi?"

"Hapo mlangoni."

"Mimi nakaa makazini. Mlango wako nitausomaje kutoka kule?"

"Hilo sasa siyo letu."

Unaona? Yeye naye alikuwa ametuma, kwa namna yake. Kila mmoja ametimiza, kila mmoja ana mikono safi, na mimi nimesimama juani sina kodiani na sina jina. Hapo ndipo nilipopiga kelele mpaka mlinzi akaja. Mwishowe wakanitajia aliyenunua, labda ili niondoke: Mama Kabula wa Misunkumilo, muuza dagaa.

Nilitembea mpaka Misunkumilo nikipanga maneno. Nilikuwa nayo ya Kiswahili na ya Kirundi, na mengine sikuyajua kama ninayo. Nilijiambia huyu ni wa aina ileile, ananunua kitu chenye jina la mtu na kulala usingizi. Nikamkuta uani anachambua dagaa kwenye ungo. Akaniangalia viatu, vina vumbi jekundu mpaka kifundoni.

"Wewe ndiye Ntahondi?"

Nikatikisa kichwa kukubali, nikishangaa kanijuaje.

"Karibu, baba. Umechelewa, lakini karibu. Mimi nawauliza wanawake wenu wanaoleta mihogo sokoni, kila mmoja namwambia, mwambieni Ntahondi kasha lake liko kwangu. Wananiambia akina Ntahondi huko wengi."

Kasha lilikuwa ndani, chini ya meza, limefunikwa kanga. Alilinunua bila kujua lina nini, kama wanavyouza pale, akidhani ni sufuria. Alikuwa amebandua ubao mmoja na kuurudishia.

"Nilichungulia nikaona kitu kina meno. Nikafunga haraka."

"Sasa mbona hukukiuza?"

"Kina jina la mtu, baba. Nitaliuzaje?"

Nikakaa kwenye kigoda chake na matusi yangu yote mdomoni, hayana pa kwenda. Mwanamke yule hakuwa na deni lolote kwangu. Kasha lilikuwa lake kihalali, hakuna ambaye angemdai. Na katika watu wote walioshika mzigo ule tangu Tabora, ndiye pekee aliyefikiri kwamba upande wa pili kuna mtu. Alituma neno kwa njia pekee aliyokuwa nayo, kwa midomo ya wauza mihogo. Kosa halikuwa lake kwamba halikunifikia. Akanipa maji, nikanywa, nikaanza kulia mbele ya dagaa za watu. Hilo mama yako halijui na usimwambie.

Kwaya ilimrudishia alichotoa, kwa mpunga, msimu wa mavuno. Mbao za kasha aliziomba atengenezee banda la kuku, isipokuwa ule wenye jina langu. Ule alinipa. "Huu nenda nao," alisema. Kodiani nilibeba kichwani mpaka makazini, nikaiweka madhabahuni wakati wa mazoezi. Zakaria aliibonyeza, ikalia, watu wakapiga vigelegele na kuruka. Hakuna hata mmoja aliyesema samahani. Ufunguo wa kanisa niliukuta asubuhi kwenye dirisha langu, umewekwa tu kama kitu kilichosahauliwa. Nao watu wale uliowaaga leo, ndio walewale. Nawapenda, naimba nao, na bado nawadai neno hilo.

Sasa Bi Zuhura anakuita. Barua yake nimeisoma tena na tena. Anasema wateja wake wengi sasa ni wa huku makazini, anataka mtu anayejua Kirundi na Kiswahili, na anamkumbuka "yule aliyeandika herufi nzuri hata wakati anatukana." Nilicheka, nikakasirika kwamba nimecheka. Mama yako akasema mwanamke anayekumbuka tusi kwa namna hiyo hana moyo mbaya. Huenda. Ukifika mwambie hivi kutoka kwangu: neno mwizi nalirudisha. Alituma, basi si mwizi. Na aibu ya kusomewa mbele ya wateja, hiyo nayo nitamwomba radhi mwenyewe siku nikipata kibali cha kufika. Yaliyobaki katika barua ile yabaki yalivyo, kila herufi.

Na wewe kaunta hiyo usiikalie kama yeye. Treni ikikwama, mwandikie mtu kwamba imekwama. Kama hujui mzigo uko wapi, mwandikie kwamba hujui; hata hilo lingenitosha. Bi Zuhura atakwambia stempu zinagharimu, mjibu uwezavyo, una ulimi wangu. Uliza kila mnunuzi nani atakuja kuchukua, na jina la huyo nalo liandikwe, hata kama kasha litajaa majina ubavuni. Utakutana na wanaoshinda mnada wakayeyuka kama chumvi, umeshawafungia kitu chao ambacho kingepata mnunuzi mwingine. Hao wakasirikie, una ruhusa yangu. Lakini siku moja itakuja barua ya mzee fulani, imejaa matusi, neno moja kwa herufi kubwa. Huyo atakuwa ni mimi. Mwambie kwanza mzigo wake uko wapi. Ukishamaliza hapo, kama bado una hasira, mwambie na hayo mengine.

Kodiani imenyamaza, nadhani mmemaliza na sasa mnakula. Nafunga kabla hujafika mlangoni.

Kesho nakupakia kwenye reli ileile. Utapita Kaliua ileile, na mawingu leo yamekaa vibaya upande huo. Mimi nitarudi hapa barazani, na huku simu hakuna, unajua. Nimeshangoja kasha masika yote, nikadhani najua kungoja. Tangu juzi naona kwamba sijui kitu. Kwa hiyo ukifika, kabla hujanawa uso, andika. Neno moja linatosha, nimefika. Ukikwama njiani, mpe mtu yeyote anayerudi huku, hata muuza mihogo.

Ukifungua sanduku lako tazama kifuniko kwa ndani. Fundi amepigilia ule ubao wa kasha. Jina langu liko pale kwa rangi ya Bi Zuhura, na jana nimeandika lako chini yake kwa mkono wangu, herufi zimepinda lakini zinasomeka. Karani yeyote akikuuliza wewe ni mtoto wa nani, mfungulie sanduku asome.

Na usiponiandikia, Spesi, mwenye mzigo atakuja mwenyewe.

Baba yako,
Bernardo Ntahondi